Kondoo Aliyeulizwa

Mko macho? Basi sogeeni. Leo nawapeleka mbali, Uyunani ya kale, kwa mungu wa mvua aitwaye Zeu.

Huko kondoo hachinjiwi miungu mpaka akubali mwenyewe. Atakubalije? Kuhani humnyunyizia maji kichwani, naye akitikisa kichwa, watu hushangilia, "Amekubali!" Hebu niambieni, nani asiyetikisa kichwa akimwagiwa maji?

Mwaka mmoja mvua iligoma, visima vikakauka, watoto wakalia kiu. Kuhani Kleoni akachinja kondoo wa kwanza, mbingu kimya. Wa pili, kimya. Akabaki mmoja tu, wa mjane Theano.

Kleoni akamnyunyizia maji. Kondoo tuli. Akanyunyiza tena. Tuli. Akammiminia mtungi mzima, maji ya mwisho mjini, ndipo kondoo akafumbua kinywa: "Kuhani, unaniuliza au unaniogesha?"

Watu wakarudi nyuma. Theano peke yake akasogea, akapiga magoti. "Bwana kondoo, watoto wetu wanakufa kiu. Je, wakubali kuchinjwa?"

"Sikubali, mama. Lakini ahsante kwa kuniuliza."

Theano akamfungua kamba, akatazama juu. "Ewe Zeu, mwenyewe amekataa. Leo hatukudanganyi."

Lo! Mbingu ikaangua kicheko cha radi, mvua ikashuka. Tone la kwanza, nene, likamwangukia Kleoni utosini. Akatikisa kichwa.

Kondoo akawageukia watu. "Mmeona?" akasema. "Amekubali."

Mimi nimekomea hapo. Kleoni yeye bado anakimbia.