Jiwe Lililomeza Wanamuziki

Haki ya Mungu, nikiongopa ulimi wangu ukatike hapa hapa! Misri ya kale, mfalme alimwamuru fundi Senebi achonge wanamuziki ukutani. Akachonga mpiga kinubi. Jiwe likammeza mpiga kinubi wa kweli, mzima mzima! Akachonga mpiga zumari. Lo, naye kamezwa!

"Bado mwimbaji," akasema mfalme. "Mchonge mkeo, Meriti."

Senebi akaenda nyumbani kumweleza mkewe.

"Mume wangu, utanichonga kweli?"

"Thubutu!" Akachonga sura yake mwenyewe, akamezwa. Humo ndani akaanza kuimba. Jamani, sauti kama punda aliyekanyagwa! Mpiga zumari akaziba sikio, jiwe likatetemeka, likawatapika wote watatu! Pale ukutani, mchongo wa mpiga zumari umeziba sikio mpaka leo.

Meriti alimwambia mumewe kwamba jiwe lilizidiwa na utamu wa sauti yake. Basi msirudie haya popote, Senebi asije akasikia.