Bi Nyegere Alipopiga Marufuku Michezo

Mpo?

Tupo!

Masikio mmekuja nayo?

Tumekuja nayo, yajaze!

Haya. Hapo kale, kale sana, wanyama walipokuwa wakijenga vijiji na kuchagua wakuu wao, palikuwa na kijiji kiitwacho Kichuguuni. Mkuu wake alikuwa Bi Nyegere. Mnamjua nyegere? Umbo dogo, lakini haogopi nyuki, haogopi nyoka, na kazi ndiyo haiogopi kabisa. Alikuwa mjane, akiishi na baba yake, Mzee Nyegere, ambaye kinywani alibakiwa na meno mawili tu.

Mwaka ule mvua ilinyesha mara moja ikaaga. Bi Nyegere akaenda kutazama ghala la kijiji. Akafungua mlango. Loo! Ghala tupu, buibui wametanda hadi kizingitini. Akatoka mbio kutafuta watu wa kazi. Akaona nini? Watoto wanacheza kombolela, huyu anajificha, yule anatafuta. Vijana wanapigana mieleka. Wazee wameinamia bao.

"Njaa hii inakuja, nanyi mnacheza!" akapiga kelele.

Siku ileile akatangaza: "Kazi ni kazi, mchezo ni mwiko!" Kila mtoto akae uani kwao apukuchue mbegu. Kila kijana ashike jembe. Mabao yote yakakusanywa, akayapasua mwenyewe kuwa kuni.

Bao la mwisho lilikuwa la Mzee Kobe. "Mama," akasema Mzee Kobe, "hilo alilichonga babu yangu."

"Mzee wangu, utanishukuru ukishiba," akajibu Bi Nyegere. Shoka likashuka.

Mzee Kobe akageuka polepole akaenda nyumbani kwake, alikokuwa akiishi peke yake. Mzee Nyegere alisimama pale akitazama vipande. Wazee wale wawili walikuwa wamecheza pamoja tangu ganda la Kobe halijakauka. Utotoni walijificha kichaka kimoja. Ujanani waliangushana mieleka hadi vumbi likawajaa puani. Uzeeni ilikuwa bao, kila alasiri, na matusi ya kirafiki juu yake.

Basi watu wakalima, wakapukuchua, wakabeba. Ghala likaanza kujaa. Bi Nyegere akafurahi.

Asubuhi moja Mama Digidigi akaja mbio, kanga inaburuta. "Mwanangu simwoni! Bi Mkubwa, mwanangu simwoni!"

Wakatafuta mtoni, hayupo. Wakatafuta msituni, hayupo. Siku ya tatu wakasikia sauti nyembamba, kama ya inzi kwenye chupa. Ilitoka wapi? Hatua ishirini tu kutoka jikoni kwa mama yake! Mtoto ametumbukia shimo alilochimba Mhanga, yule mla mchwa, juzijuzi, nyasi zimelifunika. Mguu umevunjika, ulimi umekauka. Mama yake alipomwona alianguka chini, watu wakawa na wawili wa kubeba.

"Nyinyi watoto hamkulijua shimo hili?" akauliza Bi Nyegere.

Mtoto wa Pimbi akajibu, "Tulipokuwa tunacheza, hakuna shimo tusilolijua. Sasa tunajua nyua zetu tu."

Bi Nyegere akajikaza. "Ni ajali. Kazi ni kazi, mchezo ni mwiko!"

Haukupita mwezi, ukelele ukatoka kisimani. Vijana wawili, Ngiri na Nungunungu, walikuwa wamegombania zamu ya kuteka maji. Zamani wangeshikana mieleka, mmoja akala mchanga, watu wakacheka, yakaisha. Mara hii walirukiana kwelikweli. Bi Nyegere alipofika alimkuta Ngiri amepiga magoti, damu inamwagika, na jicho la kushoto halipo. Halipo kabisa!

Nungunungu alikuwa anatetemeka miiba yote. "Sikujua," akawa anasema. "Bi Mkubwa, hatujashikana siku nyingi. Sikujua miiba yangu sasa imekuwa mirefu hivi. Sikujua."

Bi Nyegere akararua kanga yake, akamfunga Ngiri jeraha. Lakini asubuhi, watu walipomwuliza kama marufuku itaondolewa, alisema tena, ingawa kwa sauti ndogo: "Kazi ni kazi, mchezo ni mwiko."

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penyewe.

Bi Nyegere hakuwa na roho mbaya. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shambani, aliweka bakuli la uji mlangoni kwa Mzee Kobe. Alipiga hodi mara moja, akaenda zake, kazi zinamngoja. Jioni alikuta bakuli tupu, limelambwa likang'aa. "Mzee anakula vizuri," akajisemea.

Siku moja alisahau jembe, akarudi kulichukua, akapita mlangoni kwa Mzee Kobe. Akamkuta Panya amezama ndani ya bakuli, mkia tu unaonekana.

"Wewe! Unakunywa uji wa mzee?"

Panya akainua uso, ndevu zinadondoka uji. "Mzee gani?" akauliza. "Leo siku ya saba nakunywa mimi. Sijaona mtu akitoka humu."

Bi Nyegere akaliruka bakuli. Akausukuma mlango. Giza, na harufu. Mzee Kobe alikuwa kwenye mkeka wake, amejikunja ndani ya ganda, uso ameuelekeza mlangoni. Amekufa. Amekufa siku saba, katikati ya kijiji chenye watu, na hakuna aliyejua!

Bi Nyegere alitoka akikimbia, asijue anakanyaga wapi. Alimkuta baba yake ameketi uani, mikono mitupu magotini.

"Baba! Mzee Kobe amefariki! Siku saba, baba! Mbona hukwenda kumwona?"

Mzee Nyegere akainua uso.

"Mwanangu, sisi wazee hatujui kwenda kwa mtu kumwuliza, 'Unaumwa? Una upweke?' Tunaona haya. Sisi tunakwenda kucheza. Nilipochelewa kidogo tu, Kobe alikuja hapa kunitukana. Alipochelewa yeye, nilikwenda mimi. Ulipopasua lile bao, nilisimama mlangoni kila alasiri nikajiuliza, nikienda leo nitasema nimefuata nini? Nikakosa la kusema. Nikarudi ndani."

Akajifunika uso. Bi Nyegere hakuwahi kumwona baba yake akilia, hata siku ya kumzika mama yake. Alipiga magoti mbele yake.

Wakamzika Mzee Kobe. Kaburini Bi Nyegere akasimama mbele ya watu wote, macho mekundu. "Nilidhani njaa ndiyo peke yake inayoua," akasema. "Nimekosa. Asubuhi tutalima. Alasiri, kila mtu akacheze. Mtoto, kijana, mzee. Na mniwie radhi."

Kisha akaenda uani kwao. Kwa kucha zake akachimba mashimo thelathini na mawili ardhini, safu nne, akatia mbegu, akaketi kumngoja baba yake. Yeye mwenyewe hakuwahi kucheza bao maishani mwake.

Alasiri ya kwanza, mzee hakutoka. Akangoja mpaka jua likatua.

Alasiri ya pili, mzee alichungulia, akarudi ndani.

Alasiri ya tatu mzee akatoka, akaja akiburuta fimbo. Akayatazama yale mashimo, akayatazama tena.

"Yamepinda," akasema.

"Yamepinda, baba. Nifundishe."

Mzee Nyegere akashika kiuno, akaketi chini mkabala na binti yake, akachota mbegu za kwanza.

Nanyi mlioketi hapa, funzo ndilo hili: mchezo si adui wa kazi. Mtoto hujifunzia humo kijiji chake, kijana hujifunzia humo nguvu za mwenzake, na mzee hupata humo mtu wa kugundua kwamba hakuonekana leo. Ukiwanyang'anya watu mchezo, umewanyang'anya njia ya kufika kwa wenzao.

Ngano yangu imefika mlangoni, inavua viatu. Ikiwa tamu, wapelekeeni wa nyumbani. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe niimeze.