Kufuli la Ambakisye

Choo cha mgeni hakiponyi mwenyeji. Nimesema, na nitarudia. Mnanicheka, eti bibi anataja choo mbele ya jiko la gesi! Jiko lenyewe mmeliweka sebuleni, mkalifunika kitambaa cha kufuma, na mama yenu yuko kule nyuma anapuliza kuni mbichi, macho mekundu. Kaeni chini, wajukuu zangu, niwaambie methali hii ilikotoka.

Ilianza hapa hapa kijijini, mwaka ule bwana afya alipotangaza kwamba nyumba yenye choo bora itapewa bendera. Kaka yangu Ambakisye akachimba shimo refu, akajenga kwa matofali ya kuchoma, akasakafia kwa saruji, akaning'iniza kibuyu chirizi cha kunawia mikono na sabuni pembeni. Bendera akaipata. Halafu akatia kufuli, ufunguo akauvaa shingoni. Alisema hataki wageni wakikute kichafu.

Mkewe Subilaga na watoto wakaendelea kujisaidia migombani kama zamani. Chini ya migomba ile kulikuwa na chemchemi tuliyochota maji sote. Tulijua, tukanyamaza. Hata mimi nilinyamaza, na hilo linaniuma mpaka leo.

Masika yakaingia, mvua ikakokota uchafu wote hadi kwenye chemchemi. Lusekelo, kitinda mimba wao wa miaka mitatu, aliamka anaharisha maji matupu. Kufikia adhuhuri macho yalikuwa yamezama. Subilaga akambeba ampeleke zahanati. Uani akamkuta mumewe anafagia njia ya choo, maana siku hiyo wakaguzi walikuwa wanakuja kutoka wilayani.

"Baba Lusekelo, nipe ufunguo. Mtoto kajichafua tena, nimwoshe hapo penye maji na sabuni."

"Mwoshe nyuma ya nyumba. Wageni wamekaribia."

"Nimesema nipe ufunguo!"

"Subiri basi wapite, mke wangu. Ni kitambo kidogo tu."

Subilaga aliokota shoka penye kuni, na mtoto yuko mgongoni, akalipiga kufuli mara tatu mpaka likaanguka.

"Umewajengea wageni, sisi ukatuachia migomba!" alipiga kelele. "Mtoto anakufa, wewe unafagia! Choo cha mgeni hakiponyi mwenyeji, Ambakisye!"

Wakaguzi walikuwa wameshafika. Walisimama na makaratasi yao, hakuna aliyeinua kalamu.

Lusekelo hatukumwahi. Alifia zahanati kesho yake. Baada ya matanga Ambakisye aliirudisha bendera mwenyewe, na mlango ule haukufungwa tena. Mwezi huo kila nyumba ilichimba choo, na watu wakakitumia. Mlitaka wasubiri afe nani mwingine?

Msiniangalie hivyo. Mnamsikia mama yenu anavyokohoa? Wiki ya tatu sasa! Haya, toeni kitambaa hicho, mbebe jiko mlipeleke kwake, mgeni akija atalikuta na madoa yake. Choo cha mgeni hakiponyi mwenyeji.