Ijumaa ya Bi Mkasi

Hapo zamani, watu walipokuwa bado wakifia kwenye vitanda vyao vya kamba, palikuwa na msusi wa mikeka, jina lake Bi Mkasi. Nawaambieni mapema, hadithi hii haina kicheko. Asiyetaka kuumia na ainuke sasa.

Bi Mkasi alisuka ukili, ule utepe wa minyaa unaoshonwa kuwa mkeka, tangu utoto wake. Adhana ikilia, husema, "Ngoja nimalize ukili huu." Akimaliza, huanza mwingine. Kusali alisali, lakini sala ya mbiombio, macho yakiwa kwenye mkeka wa mtu. Mume alikufa, akabaki na watoto watatu, wote watu wazima: Kombo mkubwa, Biubwa wa kati, na Faki kitinda mimba.

Aliugua wiki tatu. Ijumaa moja asubuhi akawaita.

"Wanangu, leo sivuki. Sitaki dawa, sitaki uji. Miaka yote Mungu kanipenda, nami namwambia ngoja nimalize. Leo mikono mitupu, nina nafasi yake. Ninachoogopa ni ulimi. Ukianza kuwa mzito, mmoja wenu anishike mkono, anitamkishe shahada. Msiniache niondoke kimya."

"Hewala, mama," akasema Kombo.

"Hewala, mama," akasema Biubwa.

"Hewala, mama," akasema Faki.

Kombo akakaa. Akasikia kifua cha mama kinakoroma, roho ikamuuma, akatoka mbio kumwita mganga ng'ambo ya kilima. Akajisemea, "Biubwa yupo."

Biubwa akakaa. Akaona midomo ya mama imekauka, roho ikamuuma, akaenda kupika uji. Kuni zilikuwa mbichi, moshi mtupu. Akajisemea, "Faki yupo."

Faki akakaa, na alikaa kuliko wote. Ikaadhiniwa sala ya Ijumaa. Akauliza, "Mama, niende?" Mama hakujibu. Faki akakifanya kimya kile kuwa ruhusa, akaenda msikitini kumwombea. Akajisemea, "Biubwa yupo, namsikia uani."

Faki ndiye aliyerudi kwanza. Mkono wa mama ulikuwa ukingoni mwa kitanda, kiganja wazi, na mdomo nusu wazi. Kama alitamka au hakutamka, hakuna ajuaye, na hakuna atakayejua. Mimi hapa hunichoma kila ninapofika.

Kombo naye akafika na mganga wake, vumbi hadi magotini. Bi Time, mwosha maiti, alikwisha kumkafini marehemu. Alikuwa ameuacha uso tu.

"Nani alikuwa naye?" akauliza.

Kombo akamtazama Biubwa, Biubwa akamtazama Faki.

"Basi aliyemwacha na aje amwombe radhi kabla sijaufunika uso. Jeneza li mlangoni, na alasiri haingoji mtu."

Kombo akasema, "Mimi nilikwenda kumtafutia uhai. Mtoto gani atamsikia mama yake anakoroma, akae tu? Niliwaacha wawili nyumbani. Na aje aliyekuwa nyumbani."

Biubwa akasema, "Mimi? Nani kamgeuza na kumwogesha wiki tatu hizi? Nilikuwa nyuma ya ukuta huu! Faki alikuwa ndani. Alipotoka angeniita."

"Uji wako ulikwisha kuiva," Faki akamwambia. "Ulikuwa ukifanya nini?"

Biubwa akalia. "Nilikuwa nafagia ua. Nilijua watu watakuja msibani, sikutaka waukute mchafu."

Faki akasema, "Mimi niliitwa na adhana. Nilikuwa nimesujudu namwombea yeye. Kusali nako kumekuwa kosa?"

"Mungu alikuwa hapa kitandani, Faki," akasema Kombo. "Wewe ulimfuata wapi?"

"Na mama je?" Biubwa akauliza. "Tulipokuwa wadogo tukimwambia, mama, tufundishe dua, alitujibu nini? Ngoja nimalize ukili huu. Nani alitufundisha kwamba Mungu husubiri?"

Wakarushiana maneno. Kombo alingoja Biubwa ainuke. Biubwa alingoja Faki ainuke. Faki alingoja kaka mkubwa aanze. Hakuna aliyesogea kitandani. Bi Time akalitazama jua, akawatazama wale watatu, akavuta sanda, akafunga. Wanaume wakaingia, wakabeba. Watatu walipogeuka, kitanda kilikuwa kitupu.

Haya, sasa mmeanza kunong'onezana. Wewe unasema Kombo, jirani yako anasema Faki, na yule pale ananyoosha shingo kuangalia kama chungu chake kimechemka. Kaa chini, bibi, chungu hakikimbii. Nijibuni kabla hamjatawanyika: aliyekwenda kwa mganga, aliyefagia ua, aliyekwenda kusali, na yule aliyewalea wote watatu, je, nani alimwacha Bi Mkasi? Na radhi ile, ilimpasa nani kuinuka kwanza akaiombe?