Sijali na Njia ya Kwihara

Ndugu chungu, jirani mkungu. Chungu ndicho kinachobeba chakula. Mkungu, kile kifuniko chake cha udongo, hauna tumbo la kupikia hata punje moja. Lakini hebu uondoe uone: mvuke utatoka, majivu yataingia, na wali utabaki na kiini. Ndivyo walivyo ndugu wa damu na jirani mwema. Muhanna bin Seif aliijua maana hiyo akiwa na miaka hamsini na minane, na aliyemfundisha alikuwa mbwa.

Muhanna alikuwa na duka la nguo mjini Tabora, enzi za Mwingereza, miaka michache baada ya Vita vya Pili. Alikuwa mwepesi wa salamu na mzito wa kusamehe. Kaka yake wa pekee, Sulemani, aliishi Kwihara, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, lakini kwa Muhanna Kwihara ilikuwa mbali kuliko Maskati. Miaka kumi na mmoja nyuma mama yao alifariki huku Muhanna akiwa Kigoma. Mvua ilikata tuta la reli, garimoshi likalala njiani siku mbili, na alipofika alikuta kaburi limekwisha kufukiwa. Sulemani alifuata sheria, maana maiti hacheleweshwi. Lakini uchungu hauna masikio. Mbele ya waombolezaji wote Muhanna aliapa kwamba hatakanyaga tena ua wa kaka yake, na kweli hakuukanyaga.

Ukuta kwa ukuta na Muhanna aliishi Anselm, seremala wa Kinyamwezi asiyekosa misa. Walikaa vizuri; maandazi yalivuka ukuta siku ya Idi, na asali ya Sikonge ikavuka siku ya Krismasi. Kilichomkera Muhanna kilikuwa kimoja tu: Sijali, mbwa wa Anselm. Lilikuwa dume la rangi ya kutu, kifua kama pipa, sikio moja limechanika, na jina lake lilimkaa kama kanzu ya kupimwa. Ukimwita, aligeuka, akakutazama vizuri, kisha akaendelea na shughuli zake.

Siku moja Anselm aliteleza juu ya paa alilokuwa akilitengeneza, akaanguka, akavunjika mguu na kulazwa hospitalini. Mwezi huohuo kichaa cha mbwa kilizuka wilayani. Amri ikatoka bomani: kila mbwa afungwe kamba, na atakayeonekana akizurura apigwe risasi. Sijali alikuwa amezoea kutembezwa kila asubuhi. Kwa siku mbili alitafuna kamba mbili. Pelagia, mkewe Anselm, alipojaribu kumtembeza, aliburutwa hadi mtaroni na kuteguka kifundo cha mkono.

Pelagia akaenda dukani kwa Muhanna.

"Shikamoo, Bwana Muhanna."

"Marahaba, mama. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Mguu umefungwa mbao, anaambiwa miezi miwili. Lakini haulilii mguu, anamlilia mbwa. Amenituma nikwambie kwamba anakuachia wewe Sijali, awe amana. Asipotembezwa atakata kamba, na akikata kamba watamuua."

"Mama Pelagia, unajua dini yangu na mate ya mbwa."

"Najua, Bwana. Ndiyo maana nimezunguka duka lako mara tatu kabla ya kupiga hodi."

Neno amana lilimkaa Muhanna kifuani kama mwiba. Kesho yake alivaa msuli mkuukuu, akachukua kamba ya katani ndefu ya pima tatu ili mbwa asimguse, akatoka. Aliporudi alijiosha mara saba, ya kwanza kwa udongo, kama sheria inavyotaka. Akafanya hivyo siku baada ya siku.

Mji ulipata kicheko cha bure. "Bwana Muhanna," wauza mihogo walimpigia kelele, "nani anamtembeza mwenzake?"

"Muulizeni yeye," alijibu Muhanna, akihema kama mfua chuma. "Mimi sijaambiwa."

Sijali alikuwa na lake. Walipofika njia panda nje ya mji, alitaka kushika ile njia kongwe ya misafara iendayo Kwihara. Siku za kawaida alibembelezeka. Jumapili alikuwa kama aliyepagawa. Jumapili mbili Muhanna alimshinda kwa kuukumbatia mninga wa kando ya njia mpaka mbwa akachoka. Alipokwenda hospitalini alimwuliza Anselm sababu. Anselm alitazama dari. "Mbwa ana yake, Bwana," akasema, akajifunika shuka.

Jumapili ya tatu Muhanna hakuwahi kuufikia mti. Sijali alimvuta akapita njia panda mbio. Mbele yao alisimama askari wa doria, bunduki begani.

"Mzee, usiiachie kamba hiyo!" askari alipaza sauti. "Ukiiachia, mimi nina amri."

Muhanna alielewa kwamba akiiachia kamba atauponya moyo wake na kumuua mbwa wa jirani. Akaishika kwa mikono miwili, akafuata. Walipita mashamba ya mtama, wakapita miti mirefu, wakakiona kijiji. Kwa mbali alitambua ua wa minyaa wa kaka yake. Sijali hakusita. Alisukuma lango kwa pua, akaingia akitikisa mkia kama mwenye nyumba.

Muhanna alisimama langoni, kamba mkononi. Kwenye kitanda cha kamba barazani alilala mzee aliyekonda, macho yake yamefunikwa na utando mweupe.

"Nasikia nyayo za Sijali," mzee alicheka kwa sauti nyembamba. "Anselm, ulipotelea wapi wiki zote hizi? Haya, usikae kabla hujaniambia. Mdogo wangu hajambo? Anakula? Bado anakohoa asubuhi?"

Miaka kumi na mmoja alikuwa ameamini kwamba hakuna anayemwuliza.

"Anselm?" mzee aliita tena.

"Hajambo, kaka," Muhanna alisema mwishowe. "Shikamoo."

Mkono wa Sulemani ulipapasa hewani. "Marahaba," alisema. "Marahaba, Muhanna. Marahaba."

Tufaha, mke wa Sulemani, alitoka jikoni, akamwona shemeji yake amesimama pasipo kuvuka. "Kiapo kina kafara, shemeji," alisema huku machozi yakimtiririka. "Utalisha masikini kumi. Ingia, chakula nitakipika mwenyewe."

Muhanna akavuka.

Jioni ile alimshika kaka yake mkono, wakaenda polepole hadi kwenye kaburi la mama yao. "Nilituma mtu stesheni mara nne," Sulemani alisema. "Nilikungoja mpaka masheikh wakanikemea." Muhanna hakuwahi kuuliza, wala hakuwahi kuambiwa. Alimfuta kaka yake machozi, kisha akajifuta yake.

Kesho yake alikwenda hospitalini moja kwa moja.

"Miaka mingapi, Anselm?"

Anselm alijua anaulizwa nini. "Minane. Nilikwenda kumtengenezea lango, akajua mimi ni jirani yako; tangu hapo kila Jumapili baada ya misa. Aliniuliza habari zako, nami nilimpa nilizoziona juu ya ukuta."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulipohamia ulinambia, 'Jirani, tuzungumze yote ila kaka yangu.' Nikaahidi. Mimi niliahidi, Bwana. Mbwa hakuahidi kitu."

Muhanna alicheka mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka. Kisha akainama, akamshika Anselm mkono kwa mikono yake yote miwili. "Ahsante, jirani yangu. Mungu akulipe mimi nisichoweza."

"Umshukuru Sijali."

"Nimemshukuru asubuhi. Hakujali."

Mguu wa Anselm ulipona. Sulemani aliishi miaka mitatu zaidi, na Jumapili zote za miaka hiyo wanaume wawili walionekana wakienda Kwihara nyuma ya mbwa mmoja. Udugu wa watoto wa Seif haukuwa umekufa. Ulikuwa umehifadhiwa na jirani aliyeufunika usiingie majivu, hadi siku wenyewe walipokaa kuula. Kweli, ndugu chungu, jirani mkungu.