Jicho la Samaki Ndani ya Msonge

Hapo zamani, si zamani ya mababu bali ya mwaka juzi, nyumba ya msonge ilikuwa ikiezekwa huko Kiziba, na waliokuwapo ni hawa. Alikuwapo Ma Yustina Kokushubila, mjane, aliyefanya kazi ya kuunganisha simu mpaka akastaafu. Alikuwapo Kemilembe, mkwe wake, mke wa mwanawe Kaganda. Alikuwapo Ta Deogratias Byabato, fundi saa, katibu wa chama cha wapiga picha wa kujifurahisha, alichomo pia Ma Kokushubila. Na alikuwapo Ta Anatoli Mutalemwa, mjenzi wa misonge, pamoja na waezekaji wake juu ya paa.

Ma Kokushubila alikuwa na jambo moja moyoni. Kila mwaka chama huchagua picha moja, huitundika mlangoni pa ukumbi, na chini yake huandikwa jina moja. Moja, si mawili. Tangu ajiunge, jina lake halijapata kukaa pale.

Ndipo akanunua lenzi ya jicho la samaki, ile ya bei rahisi. Kioo chake kimevimba kama jicho la sato, na huona mbele, juu na kando zote kwa pamoja. Ndani haina mtambo wowote. Kila kitu ni kwa mkono. Pete moja huleta picha wazi, pete nyingine hupunguza mwanga.

Wenzake wa chamani wakamcheka. "Waitu jamani, Ma Kokushubila, hiyo ni lenzi au kizibo cha chupa?"

"Ni jicho," akajibu. "Ninyi endeleeni kuchungulia."

Lakini picha za kwanza zilikuwa aibu tupu. Alipiga shamba la migomba, akapata miguu yake mwenyewe.

"Mama," Kemilembe akamwambia, "viatu vyako vimefika kwenye picha kabla yako!"

Na hiyo migomba ilikuwa ukungu. Alipiga mlima, ukungu. Alipiga kanisa, ukungu. Ta Byabato akaichukua lenzi, akaielekeza kwenye mti wa mbali, akageuza pete kidogo kidogo kama anayerekebisha saa. Akagundua kwamba alama za umbali zilizochorwa kiwandani zilikuwa za uongo. Akaweka nukta kwa rangi ya kupaka kucha mahali penye ukweli.

"Usisome tena maandishi, Ma. Fuata nukta."

Sasa, Ta Mutalemwa alikuwa na desturi yake. Fungu la mwisho la nyasi halipandi kwa nje. Hulichomeka kwenye ncha ya mti mrefu, akalipitisha kutoka ndani hadi tundu la kileleni, na waezekaji wote huinama kulipokea. Ma Kokushubila aliijua desturi hiyo tangu utotoni. Akawaza: lenzi nyingine zitaona kipande, jicho langu litaona nyumba nzima.

Akaweka kamera juu ya kigoda katikati ya nyumba, chali, jicho likitazama juu. Akageuza pete mpaka kwenye nukta. Lakini mpiga picha akisimama humo ndani angeonekana, na magoti ya Ma Kokushubila hayakumruhusu kulala chini. Kemilembe akalala chali juu ya nyasi za sakafu, mkono mmoja tu umefika kwenye kamera. Mama mkwe akatoka, akasimama karibu na mlango.

"Nikikohoa, bonyeza."

Ta Mutalemwa akainua mti. Nyasi zikatimua vumbi. Ma Kokushubila akakohoa!

Kemilembe hakubonyeza. Juu hapakuwa na uso hata mmoja.

Akakohoa tena. Kemilembe hakubonyeza.

"We Kemilembe, umelala usingizi?"

Fungu likafika tunduni, vichwa vikainama pande zote, mmoja wao akapaliwa na vumbi, wenzake wakacheka. Hapo Kemilembe akabonyeza.

Ikatoka picha moja tu, lakini picha! Fito za msonge zimezunguka duara ndani ya duara. Mti wa Ta Mutalemwa umesimama kama mshale. Na kileleni, ndani ya mwanga, nyuso zinacheka. Waliokuwa wakitania kizibo cha chupa wakavua kofia. Chama chote kikasema: hii ndiyo itakayotundikwa.

Jina la nani?

Ma Kokushubila akasema: "Lenzi ni yangu, wazo ni langu, nami ndiye niliyeiweka kamera pale. Nimechekwa peke yangu, nisifiwe na wengine?"

Ta Byabato akasema: "Bila nukta yangu, Ma, ungetundika ukungu mlangoni."

Kemilembe akasema kwa upole, "Mama, naomba radhi. Ningekutii, ungekuwa na picha ya tundu. Mimi ndiye niliyeiona picha kabla haijawa picha."

Maneno yalimchoma Ma Kokushubila, na bado alimwonea fahari mkwe wake.

Ta Mutalemwa akacheka mpaka akashika mbavu. "Mnagombania kivuli! Hakuna aliyepiga picha ya hewa. Duara hilo limetoka mikononi mwangu, na desturi iliyowainamisha vijana ni yangu. Jicho lenu limekuja kushangaa tu."

Wanachama wakabishana, wakashindwa kuamua. Picha ikatundikwa mlangoni, na chini yake pakaachwa pengo. Ma Kokushubila hupita pale kila Jumapili, husimama, hutazama picha, hutazama pengo, huondoka akiwa ameinua kichwa.

Haya, ninyi mliosikia, lijazeni pengo hilo: mwenye jicho, aliyelisahihisha, aliyekaidi kikohozi, au aliyejenga kilichoonwa? Je, nani alistahili?

Ta Anatoli Mutalemwa hatalisikia jibu lenu; alifariki Jumanne iliyopita.