Kijumba cha Pimbi na Nundu ya Kifaru

Navuta!

*Vuta, tunasukuma!*

Ikiyumba?

*Tutaishika!*

Ikipinduka?

*Utaiokota mwenyewe!*

Haya, nawashukuru kwa kunisukuma, maana hadithi hii ni nzito na magoti yangu mnayajua.

Zamani zile wanyama walipokuwa wakihama na nyumba zao, kwenye majabali ya Mawemawe aliishi Pimbi mmoja, mjane. Pimbi mnamjua: mdogo, mnene, mkia hana, na mdomo wake hauachi kutafuna. Alikuwa na watoto wanne, Kokoto, Changarawe, Kigae na Vumbi, na alikuwa na mama mkwe mzee, Bibi Jabali, ambaye miguu ilikuwa imechoka lakini ulimi bado. Marehemu mumewe aliwaachia kitu kimoja tu cha maana: kijumba cha mbao chenye magurudumu mawili. Kilikuwa na dirisha mbele, mlango nyuma, na mti mrefu wa kuvutia uliochomoza kwa mbele. Msiniulize pimbi alipata wapi magurudumu. Mimi nilipohadithiwa sikuuliza, ndiyo maana nikamaliziwa.

Mwaka ule mvua ilipita mbali. Majani ya majabalini yakaisha, kisima kikabaki tope, na wanyama wote wakahamia Chemchemi, mwendo wa nusu siku kwa kuikata mbuga. Pimbi akabaki. Miguu ya kutembea alikuwa nayo, lakini juu ya mbuga ile alizunguka Tai, na Tai hapendi nyama yoyote kama anavyopenda mtoto wa pimbi. Wakienda kwa miguu, huenda mama angefika bila mtoto hata mmoja. Wakienda ndani ya kijumba, mlango umekomewa, wangefika wote sita. Kilichokosekana ni mtu wa kukivuta.

Aliyebaki nyuma pamoja nao ni Kifaru peke yake, kwa sababu Kifaru hula miiba, na mla miiba hana haraka. Nguvu alikuwa nazo tele. Macho hakuwa nayo, lakini pua ilikuwa kali, na tamaa ndiyo usiseme. Pimbi akamwendea asubuhi, akampa shikamoo, akamweleza shida yake yote mpaka sauti ikamkauka.

Kifaru akauliza yeye atapata nini. Pimbi akasema ana gudulia moja la asali. Kifaru akavuta pua, fuu, fuu, akakubali. Pimbi hajageuka, akaitwa. Kifaru alikuwa amefikiri tena: asali peke yake ni ndogo kwa mwili wake. Wakifika Chemchemi, na kijumba nacho kiwe chake, apate pa kuwekea magadi yake ya kulamba.

Pimbi akawaza. Kijumba kikiondoka, watoto watalala wapi, na Tai naye ana mabawa ya kumfikisha Chemchemi? Lakini majabalini kulikuwa na njaa, na njaa haina mlango wa kukomea. Akaitikia.

"Na jambo jingine," alisema Kifaru. "Usinishukuru."

Hapo niwaeleze. Katika nchi ile ilikuwa desturi kwamba mtu akishukuriwa mbele za watu, neno limekwisha. Shukrani ikishapokewa hadharani, malipo hayadaiwi tena, na anayedai huonekana hana haya. Ndiyo maana Kifaru, katika umri wake wote, alikuwa hajamruhusu yeyote kumwambia ahsante.

"Mimi sitakushukuru, mzee wangu," alisema Pimbi. "Nakuahidi."

Na ahadi hiyo aliitunza. Mtaona.

Wakaanza kufunga. Marehemu alikuwa na mazoea yake: kabla ya safari aliweka bakuli la maji katikati ya sakafu ya kijumba. Maji yakitulia sawa pande zote, unaondoka. Yakipanda ukingo mmoja, huondoki, unarekebisha ule mti wa mbele, uinue au uushushe. Pimbi akaweka bakuli, na Bibi Jabali akaketi mbele yake, mkono mmoja dirishani. Watoto wakajipanga nyuma ya bibi yao. Komeo likafungwa, kwa!

Sasa, kijumba cha pimbi ni cha chini, na kifaru ni mrefu. Ili mti ulale sawa, ncha yake ilitakiwa ining'inie kwa kamba mpaka usawa wa magoti ya Kifaru. Pimbi akasema hivyo kwa adabu zote. Kifaru akacheka mpaka miiba ikamtoka mdomoni. Wakubwa hawafungwi chini ya kifua, akasema. Kufungwa magotini ni kwa punda na watumishi. Yeye atafungwa juu ya nundu, mahali pa heshima yake, au abaki alale.

Wakafunga juu ya nundu. Kifaru akavuta.

Kijumba kikainua pua kama mbwa anayebwekea mwezi. Mkia ukaburuta chini, kwaruu, kwaruu. Kikaanza kuyumba, huku yumba, kule yumba. Maji yakapanda ukingo wa nyuma.

"Nyuma!" aliita Bibi Jabali.

Na kweli vyote vilikwenda nyuma. Jiwe la kusagia likaserereka nyuma. Kokoto akaserereka, Changarawe akaserereka, Kigae na Vumbi wakaserereka, wakarundikana mlangoni, na komeo likaanza kulia, kwi, kwi, kwi. Pimbi, aliyekuwa akikimbia kando kumwongoza Kifaru, amejificha kivulini mwake, akatazama juu. Tai alikuwa ameshuka. Alizunguka polepole, kama mtu anayesubiri chungu kichemke.

Pimbi akamsihi Kifaru ashushe kamba. Kifaru akasema nundu. Akamsihi tena. Kifaru akasema nundu. Komeo likalia, kwi, kwi, kwi.

Walipofika chini ya mgunga, Pimbi akaomba wapumzike kidogo. Akaingia kijumbani, akawakumbatia watoto mmoja mmoja. Kisha akatulia, akafikiri. Gudulia la asali akalifichua kutoka chini ya kitanda cha Bibi Jabali, akachovya kidole, akapaka asali kuzunguka ukingo wa bakuli la maji. Akalirudisha gudulia mahali pake. Akawanong'oneza watoto maneno fulani, akawaambia wayarudie njia nzima mpaka wayajue. Halafu akatoka na uso wa msiba.

"Mzee, asali yako," akasema.

"Imefanyaje?"

"Nimeimimina katika bakuli ili isafiri vizuri. Sasa inakimbilia mlangoni."

Kifaru akaingiza pua dirishani, fuu, fuu. Harufu ikampanda mpaka masikio yakasimama. Akauliza mti ufungwe wapi ili asali isimwagike. Pimbi akasema anaona aibu kutamka. Kifaru akamwambia atamke.

"Magotini, mzee wangu."

Kifaru akatazama kulia, akatazama kushoto. Hakuona mtu, na hata angekuwepo asingemwona. Asali ikanukia tena. Akasema basi, shusheni, shusheni kabisa, na yeyote atakayelisema jambo hili atamjua Kifaru ni nani.

Wakashusha. Lakini Kifaru, kwa papara ya asali, hakuwaacha wapime. Akavuta wakati ncha ya mti imening'inia karibu na kwato.

Kijumba kikainamisha pua, kikalima mbuga kama jembe, kwachu, kwachu. Mti ukamgonga Kifaru miguu ya nyuma, ngo, ngo. Maji yakapanda ukingo wa mbele.

"Mbele!" aliita Bibi Jabali.

Na kweli vyote vilikwenda mbele. Jiwe la kusagia likaja likatua juu ya kidole cha Bibi Jabali, naye akasema neno ambalo silirudii hapa kwa kuwa mmekaa na watoto.

Kifaru akasimama mwenyewe safari hii. Akauliza, kwa sauti ndogo kuliko ile ya asubuhi, kama asali bado ipo. Ipo, akajibiwa, lakini imebaki kidogo kuruka dirishani. Basi akasimama kimya, kichwa ameinamisha, akawaacha wafanye kazi yao. Pimbi akainua kamba vidole vinne. Bibi Jabali akasema bado. Akainua viwili. Bado. Akalisogeza jiwe la kusagia, likakaa mbele kidogo ya magurudumu. Akainua kimoja, akashusha nusu.

Maji yakalala.

"Sawa," alisema Bibi Jabali, akafuta macho, akasingizia kidole.

Kifaru akavuta. Kijumba kikaenda, ti-ri-ri-ri, ti-ri-ri-ri, hakiyumbi, hakiburuti, hakilimi. Komeo likanyamaza. Tai akazunguka, akazunguka, akaona mlango haufunguki, akabaki juu na njaa yake. Kifaru mwenyewe akashangaa mzigo umekuwa mwepesi kuliko alipoufunga kwenye nundu, ila hilo hakulisema. Akatembea mbuga nzima shingo ameishusha, hatua polepole, akitafuta njia isiyo na mashimo, yote kwa ajili ya bakuli lile. Ndani ya kijumba watoto walikuwa wakinong'ona jambo moja bila kuchoka. Kifaru akauliza wanasema nini. Pimbi akamjibu kuwa wanajifunza wimbo ili wasiogope.

Wakafika Chemchemi jua likiwa bado juu. Wanyama wote walikuwepo, Twiga, Pundamilia, Ngiri na wengine, wananywa na kusengenyana. Kifaru alipoona vivuli vyao akaikata kamba haraka, asionekane alivyofungwa. Akakohoa ili adai chake mbele ya mashahidi.

Hapo Pimbi akafungua mlango. Akahesabu. Kokoto. Changarawe. Kigae. Na Vumbi, mdogo kuliko wote, akitoka kinyumenyume, nywele zimesimama, mzima. Pimbi akakaa chini palepale. Alitaka kusema kitu, akakumbuka ahadi yake, akafumba mdomo.

Watoto hawakuahidi chochote. Wakajipanga mbele ya Kifaru, wakaimba kwa sauti yote waliyokuwa nayo:

"Ahsante, babu Kifaru! Umetuvuta bure! Asali hukuilamba! Nyumba umetuachia! Ahsante, babu Kifaru!"

Chemchemi yote ikageuka kutazama. Kisha vikapigwa vigelegele. Twiga akainama mpaka chini kumsalimia. Ngiri akasema, kwa kweli, miaka yote hii alikuwa akimdhania Kifaru kuwa na roho mbaya, na anaomba radhi. Wakaja mmoja mmoja kumshika mkono. Kifaru akafungua mdomo adai kijumba, akakumbuka kwamba ameshashukuriwa hadharani.

"Si kitu," akasema hatimaye. "Ni watoto wetu sote."

Vigelegele vilipopungua akamsogelea Pimbi, akanong'ona kwamba kijumba basi, kimekwenda, lakini walau bakuli ampe. Pimbi akamletea kwa mikono miwili. Kifaru akanywa lote kwa mkupuo. Akasimama, akalamba ukingo, akasimama tena.

"Haya ni maji."

"Ni maji, mzee."

"Tangu kule mgungani?"

"Tangu majabalini, mzee wangu. Na hukumwaga hata tone."

Kifaru akamtazama, kadiri anavyoweza kumwona. Halafu akaenda zake vichakani, na Pimbi hakujua kama amekasirika.

Jua lilipoanza kuteremka, Pimbi akatoa gudulia kutoka chini ya kitanda. Bibi Jabali akamuuliza kama amerukwa na akili, maana Kifaru mwenyewe ameshaambiwa hadharani kwamba amefanya bure. Pimbi akajibu kuwa anajua. Lakini kila akifumba macho alikuwa akiliona komeo lile, na kila akifumbua aliwaona wanne wakigombania mto mmoja wa kulalia, na kifua hakikumtosha. Akalibeba gudulia mpaka vichakani, akaliweka mbele ya Kifaru.

"Sikushukuru," akasema. "Niliahidi. Nimekuletea tu."

Kifaru hakuligusa kwanza. Akachezesha masikio, akakwaruza ardhi kwa ukwato.

"Wale watoto," akasema. "Ule wimbo wao bado wanaukumbuka?"

"Wanaukumbuka, mzee."

"Waje kesho. Waanze pale penye babu."

Wakaenda kesho yake, na kesho kutwa. Kiangazi kilichofuata ni Kifaru aliyekuja kubisha hodi asubuhi, akauliza bakuli la maji liko wapi, na kabla hajaambiwa kitu akaishusha shingo mwenyewe ili kamba ifungwe, ncha ya mti ifike magotini.

Basi mmejifunza. Enyi wakubwa, msiiname kamwe, fungeni mizigo yenu juu ya nundu muonekane. Na nyinyi wadogo, mkisaidiwa nyamazeni, maana mwenzenu alishukuru mara moja tu, tena bila kusema neno, akapoteza gudulia zima la asali na akapata babu wa kulishwa mpaka leo.

Nimefika, nafungua kamba.

*Fungua, tumefika sote!*

Nyumba iko sawa?

*Maji yamelala!*

Basi nawashukuru mbele za watu. Malipo msinidai.